Kabla Hujawa Kocha Msaidizi wa Futiboli ya Kimarekani

Vijana wa jumuiya yetu hapa Houston hunifuata mara kwa mara, hasa wale waliocheza futiboli ya Kimarekani sekondari wakakosa chuo cha kuwachukua. Swali lao ni lile lile: "Kaka, nafanyaje niwe kocha?" Ukiwauliza kocha wa wapi, wanataja NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu. Kutamani makubwa si vibaya. Ila NFL nzima ni timu 32, na sekondari zinazocheza mchezo huu Texas pekee zinapita elfu moja. Ajira ziko huku kwetu, na huku ndiko ninakofundisha hesabu asubuhi na safu ya mashambulizi jioni.

Jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba kocha msaidizi ni mwalimu, na nina maana ya mwalimu mwenye chaki na mitihani ya kusahihisha. Shule za umma za Texas zinasimamiwa kimichezo na UIL, na kanuni yake inataka kocha awe mwajiriwa wa muda wote wa wilaya ya elimu, isipokuwa wachache kama walimu wastaafu. Mshahara unatoka darasani, ukocha unaongezewa posho. Ndiyo maana mkuu wa shule akikuhoji atataka kujua somo lako mapema kabisa. Mwenye hesabu, fizikia au elimu maalumu ana nafasi kubwa kuliko mwenye elimu ya viungo pekee, hata kama huyo wa viungo alicheza chuo kikubwa. Mdogo wangu, chagua somo kwanza, nafasi ya uwanjani itafuata.

Pili, jua kitu kimoja mpaka mwisho wake. Kocha mkuu hahitaji mtu wa kumpa maoni kuhusu kila kitu. Anahitaji mtu wa kumwachia kundi moja akalala usingizi. Kundi langu, safu ya mashambulizi, ni wale vijana watano wakubwa wanaosimama mbele ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Wao hakuna anayewashangilia. Kijana wa safu hii huinama na kuweka mkono mmoja chini kabla mpira haujaanza. Tazama vidole vyake. Vifundo vikipauka, uzito wote uko mbele, anataka kusukuma, basi mpira utakimbizwa. Mkono ukigusa nyasi kwa wepesi na makalio yakiwa yamekaa nyuma, anajiandaa kurudi kumkinga kwotabeki, basi mpira utarushwa. Mlinzi mwerevu wa timu pinzani anayasoma hayo yote kabla hata kwotabeki hajafungua mdomo. Kazi yako ni kumfundisha huyu kijana ainame vile vile kila mara, asitoe siri. Halafu inakuja hatua ya kwanza: fupi, inchi sita hivi, kwa mguu wa upande anaoelekea. Viganja vitue kifuani mwa mpinzani, vidole gumba vikitazama juu, magoti yakiwa yamekunjwa. Utalirudia hilo Agosti kwenye joto la kuunguza, utalirudia Septemba na Oktoba, na Novemba bado kuna mmoja atakayesimama wima mapema. Kama kurudia huko kunakuchosha roho, hii si kazi yako. Mimi nikiona hatua imekaa sawa kwa kijana aliyehangaika nayo tangu kiangazi, naisahau hata tofauti ya mabao.

Mechi ni Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi mko shuleni na video, na shule nyingi hutumia Hudl, kampuni ya programu za kuchambua video iliyoanzishwa Lincoln, Nebraska, mwaka 2006. Kila shambulio linaandikwa: ni jaribio la ngapi kati ya yale manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi kumi, yadi ngapi zimebaki, wapinzani wamejipangaje. Ni kazi ya macho na subira, na mara nyingi anapewa msaidizi mgeni. Ipokee kwa mikono miwili. Bill Belichick, aliyekuja kutwaa Super Bowl, fainali ya NFL, mara sita akiwa kocha mkuu wa New England Patriots, alianza mwaka 1975 na Baltimore Colts kwa dola 25 kwa wiki, akichambua filamu. Alifika akiwa tayari anaijua kazi hiyo, kwa sababu baba yake, Steve, alikuwa kocha katika Chuo cha Jeshi la Majini, Annapolis, na alimfundisha tangu utotoni. Ukifika na kitu ambacho wakubwa wanakihitaji ila hawana muda nacho, watakukumbuka.

Sasa niseme ukweli kuhusu usalama wa ajira. Msaidizi anasimama na kuanguka na kocha wake mkuu. Vyuoni na NFL, kocha mkuu akifukuzwa, anayekuja huleta watu wake. Sekondari nako lipo. Shule moja niliyofanyia kazi ilimwondoa kocha mkuu Desemba, na Januari tukaambiwa nafasi zetu zote zitatangazwa upya. Mimi nilibaki na madarasa yangu ya hesabu. Mwenzangu, kocha hodari kuliko mimi, hakuwa na somo lililohitajika pale, na mwaka wa masomo ulipoisha alihamisha mke na watoto akaenda mji mwingine. Mazungumzo hayo yafanye na mwenzi wako kabla ya kusaini mkataba.

Ndiyo sababu nasema mtazame mtu utakayemfanyia kazi kuliko cheo unachopewa. Waulize waliowahi kuwa wasaidizi wake wako wapi leo. Mwaka 1992 Mike Holmgren alipoanza kuwa kocha mkuu wa Green Bay Packers, timu ya NFL, katika benchi lake la makocha wasaidizi walikuwemo Andy Reid, Jon Gruden, Steve Mariucci na Dick Jauron, na wote wanne walikuja kuwa makocha wakuu wa NFL. Reid hakuwahi hata kuwa mratibu wa mashambulizi, yaani msaidizi anayesimamia mashambulizi yote ya timu, katika ligi hiyo. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 1999 akiwa kocha wa makwotabeki wa Green Bay.

Ila usidhani kila msaidizi lazima apande. Ninayemheshimu kuliko wote ni Dante Scarnecchia, aliyefika Patriots mwaka 1982 na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake hapo, miaka mingi akiwa na safu ya mashambulizi. Alistaafu baada ya msimu wa 2013. Wakamwomba arudi mwaka 2016, na timu ikatwaa Super Bowl msimu huo huo, kisha msimu wa 2018. Nitafurahi sana nikistaafu na cheo kama chake.

Na dada zetu, msijitoe. Katie Sowers alikuwa kwenye benchi la San Francisco 49ers katika Super Bowl ya Februari 2020, mwanamke wa kwanza kuwa kocha katika fainali hiyo.

Liko moja ambalo sikubali mzaha nalo. Texas ina sheria ya mwaka 2011 kuhusu mtikisiko wa ubongo: kijana akishukiwa kuupata, anatolewa uwanjani papo hapo, harudi siku hiyo, na baadaye anahitaji kibali cha daktari kwa maandishi. Kocha mkuu anatazama uwanja mzima. Wewe ndiye unayeona kwamba kijana wako amejipanga upande usio wake, au amekuuliza jambo lile lile mara mbili. Mtoe. Hata kama ni jaribio la nne na zimebaki yadi mbili, hata kama baba yake anapiga kelele jukwaani. Mama yake amekukabidhi mwana mzima.

Ukiwa bado unaitaka kazi hii, barua iandike Desemba au Januari, msimu ukiisha na makocha wakianza kuhama. Usingoje Agosti, wakati huo benchi limeshajaa. Mstari wa kwanza utaje somo lako na leseni yako, uchezaji wako uje baadaye. Omba ruhusa ya kutazama mazoezi ya majira ya kuchipua. Nenda na daftari, simama nyuma ya kocha wa nafasi unayoitaka, na mazoezi yakiisha muulize swali moja kuhusu jambo uliloliona kwa macho yako.