Mabati yanayopigapiga: usiweke mawe juu

Ndugu wa Kilwa, umesema mabati ya upande wa baraza hupigapiga upepo ukizidi, na jirani kakushauri uweke mawe juu. Mawe hapana. Kimbunga hulivuta paa kwenda juu, na jiwe likirushwa linaua.

Kelele hiyo ni dalili kwamba misumari imelegea kwenye papi, mbao zinazobeba bati. Usiigongelee palepale, tundu limeshapanuka, itatoka tena. Ing'oe, weka skrubu za bati zenye mpira, juu ya mgongo wa bati. Kwenye kingo, pembe na kofia (bati la kileleni) funga kila mgongo wa pili, maana huko ndiko upepo huvuta zaidi. Katikati kila wa tatu unatosha. Papi iliyooza ibadilishwe kwanza.

Kisha ingia darini, mahali mafundi wengi hulipua kazi. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, iliyopigiliwa misumari tu haijafungwa. Kila moja ipitishiwe ukanda wa chuma juu yake, ushuke pande zote mbili na ushikizwe kwenye lenta, mkanda wa zege juu ya ukuta. Kama nyumba haina lenta, au ukuta una nyufa, mwite mhandisi kabla hujanunua chochote: paa litaondoka na matofali yake.

Paa la baraza lijitegemee, lisiunganishwe na kenchi za nyumba. Likinyofoka, liende peke yake.

Waya wa umeme ukipita karibu, TANESCO wazime kwanza. Maliza kabla ya Novemba, msimu wa vimbunga unapoanza, na usilegeze macho Aprili ikiisha. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024.