Maswali yenu: mawazo ya picha kali tunayatoa wapi?

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, watu mnataka kujua ukishaangalia kazi za wapiga picha wakubwa na sinema zilizoshutiwa vizuri unazitumiaje huku kwetu Arusha na Moshi. Nimechagua chache, majina nimeyaacha, nimebakiza mtaa tu.

*Shikamoo kaka. Napiga picha kwa simu, kila usiku napitia mapicha mtandaoni natafuta mawazo ila asubuhi sikumbuki hata moja. Nifanyeje? (Kijenge, Arusha)*

Marahaba mdogo wangu. Punguza idadi. Chukua picha moja kaa nayo wiki nzima, iweke mbele kabisa kwenye skrini ya simu yako uwe unakutana nayo kila ukiishika. Anza na ile ya mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange, inayomwonyesha yule mama mhamiaji, ilipigwa California mwaka 1936 wakati uchumi wa Marekani umeanguka vibaya na watu wanahama na watoto wao kutafuta vibarua mashambani. Iangalie taratibu. Mama yuko katikati, mkono umegusa shavu, watoto wawili wameegemea mabega yake na wote wamegeukia nyuma, sura zao huzioni kabisa, alafu kuna kichanga amelala mapajani. Ziba wale watoto na kidole uone picha inavyopwaya. Nyuma yao kuna nini? Turubai la hema basi, hakuna kitu kinachokuvuta macho.

Lange alipiga fremu kadhaa siku ile, kuna nyingine yuko mbali, hema linaonekana na vitu vyao vya ndani, na hizo hakuna anayezikumbuka. Alisogea akapunguza vitu mpaka ikabaki familia. Sasa hilo ndo la kubeba wewe, sio ule umaskini wala ile rangi nyeusi na nyeupe. Nenda soko la Kilombero asubuhi, muombe mama wa ndizi akubali, piga ukiwa hatua kumi, alafu tano, alafu mbili, kila ukisogea toa kitu kimoja kwenye fremu. Utajifunza zaidi ya kuskroli mwezi mzima.

*Nina studio ndogo Majengo, Moshi. Kazi yangu pasipoti saizi, kipaimara na familia za Jumapili. Naona picha kubwa duniani ni za vita na wanyama tu, mimi zinanihusu nini? (Moshi)*

Ndugu yangu, wewe zinakuhusu kuliko wengi. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, na wateja wake walikuwa hao hao kama wako, watu wa mjini waliovaa vizuri wanataka picha ya kuweka ukutani au kuwatumia ndugu. Alipiga zaidi kwa mwanga wa jua, nyuma ya mteja ametundika kitambaa, na cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Baada ya miaka kadhaa anabadilisha kitambaa, na hivyo vitambaa ndo vilimsaidia baadaye kujua picha ipi ni ya kipindi gani. Mteja mara nyingi alipata fremu moja tu mana filamu ni hela, kwa hiyo Keïta alitulia akampanga kwanza, bega huku, kichwa hivi, vidole vikae wapi. Alikuwa na saa, redio, kalamu za kuchomeka mfukoni, mpaka gari lake Peugeot watu walipozi nalo. Leo hizo picha ziko kwenye makumbusho makubwa duniani.

Kitu kimoja naomba ukiangalie kwa karibu. Unakuta mama amevaa gauni la marembo, nyuma kitambaa nacho kina marembo, kwa akili ya kawaida utasema vitagombana. Lakini ndani ya marembo yote hayo sehemu zilizo tupu ni uso na mikono, kwa hiyo jicho lako halina pa kutulia isipokuwa usoni kwa mtu. Huo ni ufundi mkubwa sana na hauna gharama, wewe umezungukwa na vitenge! Ile bakigraundi ya maporomoko ya maji na ngazi za kifahari itoe, au basi iache kwa wanaoitaka, ila mama akija na kitenge chake kizuri mtundikie kitenge kingine nyuma, mkalishe karibu na mlango mwanga uingie kwa pembeni, piga.

Na siku wateja hawaji msome Samuel Fosso. Huyu alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13 tu. Mchana anapiga wateja, jioni zile fremu zilizobaki kwenye filamu anajipiga mwenyewe, kavaa anavyotaka, kapozi anavyotaka, picha nyingine anamtumia bibi yake Nigeria. Zile za mabaki ya filamu ndo zimemfanya ajulikane dunia nzima. Wa tatu ni Malick Sidibé, wa Bamako pia, aliyekuwa anazunguka kwenye madansi ya vijana usiku, mwaka 2007 maonesho ya sanaa ya Venice, Italia, wakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Watu wa studio za mtaani wote hao.

*Kwenye harusi na sendofu bi harusi anatoka mweusi tii uso hauonekani au anatoka kama kapakwa majivu. Kamera yangu mbovu? (Sakina, Arusha)*

Hili linanigusa sana mana watu wetu wameharibiwa picha za maisha kwa sababu hii. Kamera sio mbovu, ila jua historia yake kwanza. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilikuwa zinarekebisha rangi kwa kutumia kadi za mfano zilizoitwa Shirley, na kwenye kadi alikuwa mwanamke mzungu, yani ngozi yake ikitoka vizuri basi mashine iko sawa. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu.

Siku hizi filamu imebaki kwa wachache lakini kamera bado ina tabia yake, inataka kila kinachoonekana kiwe na mwanga wa wastani. Bi harusi kavaa shela jeupe limejaza fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, uso unazama. Usiku ukumbi giza nyuma, kamera inadhani mwanga hautoshi, inapandisha, uso unapauka. Kwa hiyo uamuzi uwe wako, pima mwanga kwenye uso. Kwenye simu gusa uso kwenye skrini shikilia mpaka ijiloki, alafu kile kijua pembeni ndo unapandisha au kushusha kidogo kidogo.

Alafu kaitafute Moonlight, sinema ya 2016, mpiga picha wake ni James Laxton. Angalia wale watu wa Miami, hawajapakwa poda kuua mng'ao, ngozi inang'aa, jasho linaonekana, na upande mmoja wa uso umeachwa kwenye kivuli bila woga. Ngozi nyeusi inapendeza ikipewa kitu kipana cha kuakisi kuliko taa kali ya kuchoma usoni. Ukuta mweupe, shuka jeupe limeshikwa na msaidizi, au flashi umeielekeza dari kama dari ni jeupe. Utaona mstari mwembamba wa mwanga unatembea kwenye shavu mpaka kidevuni, hapo umbo la uso limekuja. Na tafadhali sana kwenye kuediti usimng'arishe mtu kumbadilisha rangi, hakukuomba.

*Wanasema tupige ile saa ya dhahabu jioni, mbona kwetu inaisha hata sijapanga watu? (Rau, Moshi)*

Ni kweli, ule mwanga laini wa dhahabu kabla jua halijazama unaisha haraka, wala hujachelewa wewe. Tuko karibu sana na ikweta, jua linashuka karibu wima, likizama kwenye saa kumi na mbili na nusu baada ya dakika kama ishirini giza limeingia. Sinema maarufu kwa huo mwanga, Days of Heaven ya 1978, iliyompa mpiga picha wake Néstor Almendros tuzo ya Oscar, ilishutiwa Alberta, Kanada, huko jua linazama kwa kulala na ule mwanga laini unakaa muda. Kwa hiyo ushauri wao ukiuchukua mzima mzima utakuangusha. Sisi panga watu saa kumi na moja, pozi zote zimalizike, jua likifika chini ni kubonyeza tu.

Na kuna mwanga wetu ambao hausemwi. Mwezi wa sita mpaka wa nane mawingu yanakaa asubuhi nzima, watu wanalalamika baridi, kumbe huo ni mwanga laini wa bure hadi saa nne, nyuso zinatoka vizuri ajabu. Mwezi wa tatu na wa kumi jua la mchana liko utosini kabisa, macho yanakuwa mashimo, ingiza watu barazani au chini ya mti, geuza nyuso zielekee nje. Mlima Kilimanjaro wenyewe ukiutaka amka mapema, ikifika saa tatu saa nne mara nyingi ushajifunika.

*Mimi niko Kibosho, nyumbani migomba na kahawa tu, hakuna cha kupiga. (Kibosho)*

Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki 2025, hakuanza kama mpiga picha. Alikuwa mchumi, ameajiriwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa pale London, akawa anatumwa Afrika kwa mambo ya kahawa na kamera ya mke wake Lélia mkononi, na mwaka 1973 akaacha uchumi akashika picha moja kwa moja. Zile picha zake za mgodi wa Serra Pelada, Brazil, za 1986, dhahabu yenyewe huioni, unaona maelfu ya watu wamejaa tope wanapanda ngazi na magunia. Hata Tanzania alifika, alipiga wakimbizi wa Rwanda kambi ya Benaco, Ngara, 1994.

Sasa wewe una kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Mwanga unaopita kwenye majani ya migomba unadondoka vipande vipande chini, saa tatu asubuhi ukikaa humo utaona kipande kimoja kinatua kwenye mkono wa bibi anayechuma buni, kinahama. Mpige bibi mikono tu kwanza. Alafu usisimulie kahawa, simulia nani anaamka saa ngapi, nani anabeba, nani anapokea hela. Hayo mimi wa mjini siwezi kuyapiga kama wewe, mana sijui hata mlango wa kupitia.

*Nashuti video za muziki, chuo sijaenda. Naweza kujifunza kwa kuangalia sinema tu? (Ngarenaro, Arusha)*

Unaweza, ila mara ya kwanza angalia kama mtazamaji, mara ya pili zima sauti. Sauti ikizimwa ndo unaona kamera inafanya nini. Simamisha kila inapobadilika, jiulize taa iko wapi, kamera iko usawa wa nani, kwa nini wamekata hapo.

Sinema ya Barry Lyndon ya 1975, mpiga picha wake John Alcott alishuti usiku kwa mishumaa, kwa lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, uwazi wake f/0.7, yani tundu la kuingiza mwanga ni kubwa mno. Utasema mimi hiyo lenzi naitoa wapi. Lakini ona waigizaji walivyokaa karibu bila kutikisika, mana fokasi, ile sehemu inayotoka kali bila ukungu, ilikuwa nyembamba mno, mtu akiinama kidogo kapotea. Ule utulivu unaouona umeletwa na ugumu wa kazi. Umeme ukikatika leo mkalishe msanii wako mezani, mishumaa mitatu, kitambaa cheupe mbele yake kirudishe mwanga chini ya kidevu, uone.

Alafu angalia Hatari! ya 1962, imeshutiwa huku huku kwetu, Momella chini ya Meru. Mpiga picha wake Russell Harlan aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo, na zile mbio za kukamata vifaru kamera inakwenda sambamba na wanyama vumbi tupu, bado zinasisimua. Lakini angalia pia wenyeji wamewekwa wapi kwenye fremu. Pembeni, nyuma ya gari, nusu mgongo. Kisha weka Vuta N'Kuvute, sinema ya mwongozaji Amil Shivji, ya 2021, Zanzibar ya miaka ya 1950, hapo watu wetu wako katikati na kamera inawasubiri. Ukizitazama mbili hizo wiki moja utajua video yako ijayo kamera uielekeze kwa nani.

*Kamera gani ninunue? (Njiro)*

Uliyonayo. Ukipata hela nunua lenzi moja ya 50mm isiyozumu, ukitaka kusogea utalazimika kutembea kwa miguu.

*Nikiiga picha ya mtu si nitakuwa mwizi? (Himo)*

Kuiga kwa mazoezi sio wizi, wizi ni kuiweka ya mwenzio kwenye bango la biashara yako au kusema wazo ni lako. Iga hivi: mara ya kwanza rudia picha ileile kadri unavyoweza, mwanga uleule, pozi ileile, ukiipost taja aliyekufundisha. Mara ya pili badilisha mtu, weka shangazi yako au fundi baiskeli wa hapo Himo stendi. Mara ya tatu badilisha mwanga, weka wa kwenu. Mara ya nne ile ya mwanzo usiifungue kabisa, ipige kutoka kichwani, na utakayopata hiyo nitumie nataka kuiona.