Membreni ni membreni? Nilivyokunywa floraidi miaka miwili nikijua nimeichuja

Chujio langu la kwanza lilikuwa zuri kwa macho. Ndani ya mtungi kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizosongamana kama tambi, na muuzaji akanigongea kwa kidole: "Hii ni membreni kaka, hapa hakipiti kitu." Membreni ni utando wa kuchujia. Tulikuwa tumehamia Usa River, kisima kipo uani, nikalipa nikaondoka kifua mbele.

Miaka miwili baadaye daktari wa meno alimfungua binti yangu mdomo, akatazama yale meno mapya ya mbele yenye michirizi myeupe kama chaki, akaniuliza swali moja tu: "Mnakunywa maji ya wapi?"

Mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa zaidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ndiyo inayotia floraidi kwenye maji yetu, nayo ikizidi huchora meno na kupinda mifupa, na kule Maji ya Chai na Ngurdoto kuna wazee ambao miguu yao inasimulia habari hiyo kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nilipopeleka maji ya kisima changu maabara, yakarudi na 5.2. Yaliyopita kwenye chujio langu zuri? 5.2 vilevile.

Muuzaji hakunidanganya sana. Ile ilikuwa membreni kweli, ila ya aina inayokamata bakteria na tope. Matundu yake ni kama sehemu moja ya mia ya maikroni (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa bakteria huo ni ukuta. Kwa floraidi, iliyoyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi, ni sisimizi kupita geti la ng'ombe. Kuchemsha nako hakusaidii, maana maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki palepale. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, usiulize kama mashine ina membreni. Uliza inaondoa nini, kisha upime floraidi yenyewe, maji ya kuingia na ya kutoka.

Nasema floraidi yenyewe kwa sababu kuna kale kakalamu ka kupima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, ambako kila fundi anako mfukoni. Anachovya, namba inashuka, mnapeana mikono. Kale kanahesabu chumvi zote kwa jumla, hakajui ipi ni ipi. Maji yanaweza kuwa na TDS ya kupendeza na bado yakawa na floraidi ya kukuchorea meno.

Nikanunua mashine ya RO (osmosisi kinyume). Hii husukuma maji kwa pampu yapenye utando wa plastiki ambao tabaka lake linalofanya kazi ni jembamba kuliko unywele mara mamia. Floraidi ikashuka hadi 0.3. Nikafurahi, halafu nikaiua kwa mkono wangu mwenyewe. Kulikuwa na hofu ya kipindupindu, nikamwaga klorini kwenye tangi bila kukadiria, na kichujio cha mkaa kinachotangulia ili kuinasa klorini kilikuwa kimepitiliza muda wake wa kubadilishwa. Klorini hula ule utando. Baada ya wiki chache TDS ya maji ya kunywa ikaruka kutoka 20 hadi 180. (Hapo sasa kakalamu kalinifaa: hakakuchagulii mashine, ila kanakwambia iliyopo imekufa.)

Mpwa wangu anasoma Nelson Mandela pale Tengeru, chuo kilekile cha Dkt. Askwar Hilonga, ambaye chujio lake la mchanga na chembe za nano, yaani ndogo mno, lilipata tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Nikamuuliza kuhusu hizi tando mseto ninazozisikia. "Mjomba, fikiria zege," akasema. Plastiki ni saruji, chembe za madini kama zeolaiti ni kokoto. Mwaka 2007 watafiti wa California walichanganya zeolaiti ndani ya utando wa RO, maji yakapita kwa wepesi zaidi huku chumvi ikizuiwa kama kawaida. Ugumu uko palepale kwenye zege: saruji isipoishika kokoto, panabaki mwanya, na kila ulichotaka kuzuia kinapitia hapo. Ndiyo maana ukiambiwa "ni ya nano" bado unarudi kwenye swali lako la kwanza na karatasi ya maabara.

Aliniambia pia tando hizo hutenganisha gesi. Nina ng'ombe watatu na mtambo wa biogesi, masikio yakasimama. Biogesi ni methani kwa zaidi ya nusu, iliyobaki karibu yote ni kabonidayoksaidi, ambayo molekuli yake ni nyembamba kidogo, kwa hiyo hupenya utando haraka na kuiacha methani nyuma. Ila utando unaopitisha kwa kasi huwa hauchagui vizuri. Robeson, mtafiti Mmarekani, alichora mpaka huo wa kasi na uchaguzi mwaka 1991 na chembe za madini zinaingizwa ili kuuvuka. Kwa mwenye kiwanda anayetaka kujaza gesi kwenye mitungi, sawa. Kwa jiko langu la maharage, hapana. Mimi natoa tu harufu ya mayai viza kwa kupitisha gesi kwenye chuma chenye kutu, basi.

Jambo la mwisho ni ndoo ya maji taka ya mashine. Yangu humwaga lita tatu kwa kila lita moja ya kunywa, na hizo tatu zina floraidi 6 na ushee. Tulikuwa tunazitumia chooni. Siku moja mama mkwe amekuja kutoka Machame, nakuta sufuria ya makande inachemka.

"Mama, maji umechota wapi?"

"Si hapo kwenye ndoo, baba. Mbona masafi? Nimeongeza na magadi kidogo yaive haraka."

Magadi nayo yana floraidi yake. Siku hiyo tulikula chapati za kununua, na ndoo sasa ina mfuniko wenye kufuli.