Maswali Yenu: Familia ya Njano ya Springfield, Utabiri, Hesabu na Sauti ya Bart

Toleo lililopita tuliigusia kidogo tu The Simpsons, ile katuni ya Marekani ya familia ya njano ya mji wa kubuni wa Springfield, iliyoanza kurushwa 1989 na mpaka leo iko hewani, basi jamani meseji zilizoingia sikuzitegemea, za Ngamiani, Makorora, Chumbageni, mpaka Muheza na Pangani huko. Nafasi ni ndogo kwa hiyo nimechukua yale yaliyoulizwa na wengi, na la utabiri ndo naanza nalo.

Anko shikamoo. Kijiweni kwetu Barabara ya 12 kuna mzozo hauishi. Jamaa ana klipu kwenye simu, Trump anashuka kwenye ngazi za umeme, upande mmoja katuni upande mwingine yeye mwenyewe, zinafanana kabisa. Anasema katuni ni ya mwaka 2000 na hawa watu wana majini yanayowaambia ya mbele. Ukweli ni upi? (Fundi simu, Ngamiani)

Marahaba mwanangu. Hiyo klipu imezunguka kwenye magrupu yote ya wasapu na mi nimetumiwa na watu wazima kabisa. Iko hivi: Trump alishuka ngazi zile kwenye jengo lake New York mwezi Juni 2015, siku aliyotangaza kugombea urais, na katuni ile ikatoka Julai 2015. Yaani waliona kwanza, wakachora baadaye. Aliyeziunganisha hizo picha ndo kabandika mwaka 2000 kwa makusudi, watu washtuke wasambaze.

Sasa kuna kitu cha kweli cha mwaka 2000 ndo maana uongo umeshika. Machi mwaka huo ilitoka episodi inayoonesha Bart na Lisa, watoto wa familia hiyo, wakiwa watu wazima, Lisa kawa rais wa Marekani, yuko na washauri wake anawaambia serikali imeachiwa ukata na Rais Trump. Sentensi moja, inapita. Lakini angalia miezi iliyotangulia, mwishoni mwa 1999 Trump mwenyewe alikuwa anapima maji agombee urais kupitia chama cha Reform, magazeti yao yakawa yanamwandika, alafu Februari 2000 akajitoa. Kwa hiyo waandishi wakitafuta jina la tajiri maarufu ambaye akitajwa kuwa rais watu watacheka, jina lilikuwa mbele ya macho yao. Aliyeiandika ile episodi anaitwa Dan Greaney, ni mtu na kalamu yake.

Utabiri mwingine unaosambazwa ni wa Disney kuinunua Fox, studio ya katuni hii, nao ni kweli kwamba waliitania 1998, waliweka bango kwamba studio ya Fox iko chini ya Disney, na mauziano yakatangazwa Desemba 2017 yakakamilika 2019. Lakini hawa wametoa episodi zaidi ya 750, kila moja imejaa utani kuhusu matajiri, makampuni, wanasiasa, na matajiri wana tabia ya kununuana. Ukirusha mawe mengi hivyo kwenye mwembe, embe litadondoka. Yale ambayo hayakutokea, na ndo mengi, hakuna anayeyatengenezea klipu.

Kinachoniuma mimi ni kwamba ukisema ni majini unawanyang'anya watu jasho lao. Wale wanakaa chumbani wanaandika mstari mmoja, wanaufuta, wanauandika tena, wiki kwa wiki. Mwambie huyo jamaa aangalie tarehe kabla hajabonyeza kutuma.

Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaiangalia sana hii katuni na nawakataza, naona inawapotezea muda. Je kuna chochote cha kuwafaidia? (Mwalimu, Chumbageni)

Mwalimu, salamu zako nimezipata, na hili swali nimelifurahia kuliko yote maana jibu lake liko kwenye somo lako mwenyewe. Kati ya waandishi wa hii katuni kuna waliosoma hesabu na sayansi vyuo vikubwa kwelikweli, Al Jean alisoma hesabu Harvard, David X. Cohen alisoma fizikia hapo hapo kisha sayansi ya kompyuta Berkeley. Watu hao wakiingia kwenye katuni unadhani wataacha hesabu mlangoni?

Episodi moja ya 1998 Homer, baba wa familia, anaamua kuwa mvumbuzi, kuna ubao nyuma yake umeandikwa vitu, wengi wanauona kama pambo. Mstari mmoja unasema 3987 kwa kipeo cha 12, jumlisha 4365 kwa kipeo cha 12, ni sawa na 4472 kwa kipeo cha 12. Sasa wewe unajua mwanahesabu Fermat alisema zaidi ya miaka 350 iliyopita kwamba kitu hicho hakiwezekani kwa kipeo chochote kinachozidi 2, na Andrew Wiles akaja kuthibitisha miaka ya tisini. Lakini mwambie mwanafunzi achukue kikokotoo cha kisayansi, ajumlishe hizo mbili atafute mzizi wa 12, kitamletea 4472 kamili. Atapiga kelele darasani kwamba Fermat kadanganya!

Hapo ndo unawauliza, kikokotoo ni cha kuaminiwa? Wajumlishe tarakimu. 3987 inatoa 27, inagawanyika kwa 3. 4365 inatoa 18, inagawanyika kwa 3. Kwa hiyo upande wa kushoto wote, vipeo na kila kitu, unagawanyika kwa 3. Njoo kulia, 4472 inatoa 17, haigawanyiki, na ukiipandisha kipeo bado haitagawanyika. Basi pande mbili haziwezi kuwa sawa, tofauti iko mbali kwenye tarakimu ambazo kikokotoo hakizioneshi. Kanuni ya darasa la sita imeangusha mashine! Kijana aliyeiona hiyo haisahau. Mi ningekushauri usiwakatazie, wawekee huo ubao jumatatu asubuhi uone mikono itakavyonyooka.

Kwa nini ni wa njano na kwa nini wana vidole vinne? (Darasa la tano, Makorora)

Njano ni ili mtu anayebadilisha chaneli na rimoti akipita tu ajue ni wao hata kabla hajasikia neno, Matt Groening aliyewabuni kalieleza hilo mara nyingi. Vidole vinne ni desturi ya wachora katuni toka zamani, mkono unachoreka haraka na haujazi picha. Ila wakimchora Mungu wanampa vitano.

Anko, nimeambiwa sauti ya Bart ni ya mwanamke. Nimebishana na mume wangu mpaka chai imepoa. (Mama wawili, Mikanjuni)

Umeshinda mama wawili, ni mwanamke, anaitwa Nancy Cartwright, kazaliwa 1957 na ameisema sauti hiyo toka 1987 wakati Simpsons ni vipande vifupi tu ndani ya kipindi cha mchekeshaji Tracey Ullman. Stori yake naipenda. Aliitwa kujaribu sauti ya Lisa, kafika pale kaona karatasi ya Bart, mtoto wa miaka 10 mtundu asiyefundishika, akaomba ajaribu huyo badala yake. Akasoma, Groening akampa kazi palepale. Na Yeardley Smith yeye alijaribiwa kwa Bart, sauti ikaonekana ya kike mno, akapewa Lisa na mpaka leo ni Lisa.

Ndo maana Bart hajabadilika sauti. Wangemweka mtoto wa kiume kweli, miaka mitatu tu sauti ingeanza kuwa nzito, wangetafuta mwingine, na mwingine. Mume wako mwambie aipashe chai mwenyewe.

Binamu yangu yuko Muscat, anasema Waarabu waliwahi kuitafsiri, ni kweli? Na kwa nini sisi hatuna ya Kiswahili? (Msomaji, Usagara)

Kweli. 2005 televisheni ya MBC iliileta kwa Kiarabu kwa jina Al Shamshoon, Homer akawa Omar, Bart akawa Badr, sauti ya baba akapewa Mohamed Henedi, mchekeshaji mkubwa wa Misri. Walitoa bia wakaweka soda, wakatoa nguruwe wakaweka ng'ombe. Watu hawakuipokea, haikudumu. Naheshimu sababu zao, mi mwenyewe ni mtu wa Tanga na najua kipi unaweza kuwasha sebuleni magharibi bibi amekaa na kipi huwezi. Lakini Homer ni baba mvivu anayekimbilia baa kwa Moe, makosa yake ndo hadithi yenyewe, ukiyaondoa unabaki na mtu wa njano amekaa tu. Kwa Kiswahili mi nisingetaka tafsiri, ningetaka baba wetu wenyewe, mwenye makosa yetu, anayekopa kahawa na kashata barazani alafu anapita njia ya nyuma. Na swali linalofuata limenipa moyo.

Shikamoo. Nina miaka 19, nachora katuni ya familia ya samaki silikanti wanaoishi chini ya bahari hapa Tanga, baba silikanti anajisifu ukoo wao ni wa toka enzi za madinosaria lakini anaogopa nyavu. Kuna mtu wa Dar kaona, anataka tusaini karatasi achukue kila kitu afanye ya kwenye TV. Nisaini? (Mchoraji, Pongwe)

Marahaba kijana, na usisaini kwanza. Groening alikuwa na katuni yake ya sungura magazetini, ndo iliyokuwa inamlisha. Mtayarishaji wa televisheni James L. Brooks akamwita aje na wazo la televisheni. Yuko mapokezi anasubiri akatambua akiwapa sungura anawapa na haki zake, basi palepale akachora familia mpya haraka haraka, akawapa majina ya nyumbani kwao, Homer ni baba yake, Margaret ambaye ndo Marge ni mama yake, Lisa na Maggie ni dada zake. Sungura wakabaki mali yake.

Peleka kazi yako COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, isajiliwe, na hiyo karatasi msomee mtu anayejua mikataba, uone kama anataka ruhusa ya kutumia au anataka kumiliki, hivyo ni vitu viwili. Na muulize nani atafanya kazi, maana katuni sio kuchora tu. Episodi moja ya Simpsons ni kama dakika 22, ambazo kwa picha 24 kila sekunde ni picha 31,680 zinazopita machoni. Los Angeles wanaandika, waigizaji wanasoma mezani, inaandikwa upya, sauti zinarekodiwa kabla ya michoro, wanatengeneza rasimu ya picha wanaiangalia wanaiandika tena, ndo michoro mingi inafanyiwa Seoul kule Korea Kusini, jumla miezi mingi. Anayekuahidi vipindi ishirini kwa mwaka na yuko peke yake na laptopu, muulize vizuri.

Huyo baba silikanti anayeogopa nyavu nimempenda sana. Tutumie kurasa mbili, nakala tu, orijino baki nazo, na andika jina lako chini ya kila ukurasa.