Rangi Ikipotea, Usishangilie Kwanza

Mwezi wangu wa pili maabara nilipiga picha bika ya maji meupe, nikaituma kwenye grupu nikijisifu. Nilikuwa nimechanganya titani dioksidi, unga unaotumia mwanga kuvunja rangi zilizo majini, na mkaa wa vifuu vya nazi, nikautia mchanganyiko huo kwenye maji yenye rangi ya methilini bluu, nikayaanika juani saa mbili. Bluu yote kwisha. Msimamizi akajibu kwa swali moja: "Gizani umejaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Nikarudia, safari hii bika nimeizungushia foili na kuifungia kabatini. Maji yakawa meupe vilevile. Nilipousuuza ule unga kwa ethanoli, bluu ikaanza kutoka. Mkaa ulikuwa umeifyonza rangi tu, haikuvunjwa.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, kabla ya kuwasha taa koroga mchanganyiko gizani. Wengi huandika dakika 30 kwa mazoea. Wewe pima kiasi cha rangi iliyobaki majini kila baada ya dakika 10 mpaka namba itulie, maana unga wenye mkaa hufyonza muda mrefu. Weka na bika nyingine isiyo na unga kabisa, kwani methilini bluu hufifia yenyewe juani. Kabla ya kupima, sampuli izungushe vizuri kwenye sentrifuji, mashine inayotenga unga na maji. Unga ukibaki hutawanya mwanga wa mashine ya kupimia na kukudanganya.

Usiangalie nanomita 664 peke yake, yaani urefu wa wimbi la mwanga ambao methilini bluu huufyonza zaidi. Chora mkunjo wote wa mwanga unaofyonzwa. Kilele kikisogea upande wa mawimbi mafupi huku kinashuka, molekuli inapoteza vikundi vya methili, yaani vipande vyake vidogo vya pembeni, na pete zake, kiini chake, huenda bado ni nzima. Tena rangi hii ikikosa oksijeni inaweza kugeuka isiyo na rangi, kisha hewa ikiingia bluu inarudi! Ukipata mashine ya kupima kaboni yote ya kikaboni iliyobaki majini, ambayo huonyesha kama rangi imevunjwa kweli, omba zamu mapema.

Kuhusu cha kuchanganya: titani dioksidi ya anatase, mojawapo ya maumbo ya fuwele zake, hutumia mwanga ulio chini ya nanomita 387 hivi, na jua letu lina mwanga kidogo sana wa aina hiyo. Kaboni naitraidi, unga mwingine wa aina hii, hufika karibu 460, ndiyo maana watu huziunganisha.

Halafu jaribu maji ya kweli. Maji machafu ya kutia rangi batiki yana kostiki soda na haidrosalfaiti, dawa za kutilia rangi, na haidrosalfaiti hugombania chembe zilezile zinazovunja rangi. Lita yangu ya kwanza ilishinda juani mchana kutwa, na jioni bado ilikuwa kama chai ya rangi.