Kabla Kamati Haijafika Kwenye Jumla ya Bei Yako

Nimekaa kwenye kamati kadhaa za tathmini ya zabuni hapa Dodoma nikiwa mkadiriaji majenzi, na makandarasi waliokosa kazi huniuliza swali lile lile: "Bei yangu ilikuwa ya chini, nimeangukia wapi?" Mara nyingi wameanguka kabla bei haijatazamwa. Uchunguzi wa awali huangalia usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kama daraja lako kati ya yale saba linaruhusu kazi ya thamani hiyo, na kama aliyesaini ana hati ya uwakilishi. Tangu NeST, mfumo wa kuwasilisha zabuni kwa mtandao, uanze kutumika mwaka 2023 katika ununuzi wa umma, hakuna tena karani wa kubembeleza dirishani.

Ukivuka hapo, usidhani tunasoma jumla peke yake. Tunapitia bei ya kila kipengele, kwa sababu hapo ndipo mkandarasi anapojionyesha kama anaifahamu kazi. Mwaka mmoja tulitathmini zabuni ya madarasa huko Chamwino, na mzabuni wa bei ya chini alikuwa ameweka bei moja kwa kuchimba udongo laini na kuchimba jabali. Tuliliona, tukanyamaza, maana jumla yake ilipendeza. Msingi ulipofika futi mbili sururu zikagonga mwamba, akatafuta kompresa ya kukodi, fedha zikamwishia, akaondoka. Sahihi yangu imo katika ripoti ile.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza bei, nenda eneo la kazi (siyo kwa picha za simu alizotumiwa shemeji yako) na umuulize mchimba vyoo wa kijiji hukutana na mwamba kwa kina gani. Hakuna mtu anayeijua ardhi ya pale kumzidi.

Katika zabuni ya baadaye, mzabuni mmoja aliambatisha picha ya shimo alilochimba mwenyewe, futikamba ikining'inia ndani. Haikumpa alama yoyote, kwa kuwa kamati haina ruhusa ya kutumia kigezo kisichoandikwa kwenye nyaraka za zabuni. Lakini tulipowaandikia wazabuni kutaka ufafanuzi wa bei ya jabali, yeye alijibu siku hiyo hiyo kwa mchanganuo wa mafuta, kompresa na vibarua, wakati wenzake wawili waliomba kuongezewa muda.