Kabla ya Kupokea Wageni wa Ziara za Mazingira, Waandaeni Vijana Wenyeji

Kwa miaka kadhaa nimeratibu ziara za kubadilishana vijana kati ya kikundi chetu cha mazingira hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, na wenzetu wa Ujerumani, na kila shule au usharika unaponiomba ushauri, neno langu la kwanza ni kwamba vijana wenyeji waandaliwe kabla ya vyumba vya wageni. Mara nyingi nguvu zote huishia kwenye magodoro, maji ya kunywa na usafiri, kisha siku ya kuingia msituni kijana wa Kitanzania hujikuta amebeba mizigo na kuwapiga wageni picha, ilhali safari ile ilikusudiwa imfundishe na yeye.

Maandalizi ninayoyasema hayahitaji fedha nyingi. Wiki chache kabla ya ugeni, kila kijana apewe kaunta buku, aende kwa bibi au babu yake, na kila mmea anaoonyeshwa auandikie jina lake la Kinyakyusa, auchoree jani na aeleze unatumika kwa nini. Vijana wetu wengi wanaamini kwamba sayansi ya viumbe huanzia maabara, na mimi huwakumbusha habari ya kipunji, nyani wa milimani ambaye wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimsimulia kabla watafiti hawajamtafuta. Simulizi hizo ndizo zilizowaongoza watafiti hadi wakamwona mwaka 2003, akatangazwa rasmi mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikabidi atengewe jenasi, yaani kundi la kisayansi la viumbe wa karibu, yake peke yake. Kijana aliyeelewa jambo hilo humpokea mgeni akiwa na kitu cha kumpa.

Msituni, wagaweni wawiliwawili, mwenyeji na mgeni, na msikimbilie kilele. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, na anayeupanda kwa pupa hurudi na uchovu tu. Siku ninayoikumbuka kuliko zote hatukufika hata nusu ya njia. Binti mmoja wa kidato cha tatu alichuma jani, akalisugua kiganjani na kumpa mwenzake alinuse. Mwenzake akauliza kwa nini upande wa chini una manyoya na wa juu hauna, na kwa kuwa hakuna kati yao aliyejua, wakamwendea mzee aliyetuongoza, wakamwamkia, wakaketi naye kwenye gogo kwa muda mrefu. Ndiyo maana nasisitiza wageni wafundishwe kusema shikamoo na kungoja marahaba kabla ya kuuliza swali lolote, kwa sababu mzee aliyeheshimiwa husema mengi zaidi.

Wote watumie penseli badala ya kalamu ya wino, kwa kuwa mvua hufuta wino. Pepo zinazobeba unyevu wa Ziwa Nyasa hupandishwa na milima hii, hewa ikapoa na mvua ikamwagika, kiasi kwamba miteremko ya kusini-mashariki ya Rungwe inaweza kupata hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Makoti ya mvua na viatu vinavyoshika vizuri kwenye utelezi ni vya lazima, kwa mwenyeji kama kwa mgeni, na viingizwe kwenye bajeti ya pamoja.

Kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, jadilianeni mapema juu ya majira. Wageni wa Ulaya hupendelea Julai na Agosti kwa kuwa ndiyo likizo yao ndefu, lakini miezi hiyo uwanda ule, ulio juu ya mita 2,500, huwa mkavu na wenye baridi kali, na usiku barafu hutanda kwenye nyasi. Maua yanayoupa jina la Bustani ya Mungu huchanua wakati wa mvua, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, na kati yake zimo aina zipatazo 45 za okidi. Ikiwezekana, ombeni ugeni uje wakati huo, mkikumbuka kwamba barabara ya Chimala kwenda Matamba, yenye kona 57, inahitaji dereva mzoefu na gari zima. Kiingilio cha hifadhi nacho hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki na wageni wengine, kwa hiyo ulizeni viwango vya sasa kabla ya kugawana gharama.

Hapo Kitulo kuna jambo moja ambalo silifanyii mzaha: picha za okidi zisisambazwe mtandaoni zikiwa na maelezo ya mahali hasa zilipopigwa. Viazi vya okidi huchimbwa na kuuzwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, na mmea uliong'olewa kiazi chake hauchipui tena.

Mwisho, safari ya vijana wetu kwenda kwa wenzao iandikwe kwenye makubaliano tangu siku ya kwanza, pamoja na nani atalipia tiketi na bima. Ziara ya upande mmoja tu ni utalii, na nimeona vijana wakivunjika moyo walipoambiwa kwamba zamu yao itafikiriwa baadaye. Pasipoti zianze kushughulikiwa miezi mingi kabla, barua za ridhaa za wazazi wa walio chini ya miaka 18 ziwe tayari, na barua ya mwaliko itaje majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa sababu tofauti ya herufi moja inaweza kuchelewesha viza hadi tarehe ya safari ikapita.